Lainibeka mfupi na futikamba ya Indianapolis

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika shule moja ya sekondari ya East Orange, jimbo la New Jersey, palikuwa na mwalimu wa upigaji picha aliyeitwa Sam Mills. Baada ya vipindi alisaidia kuinoa timu ya shule. Alikuwa ametoka Chuo cha Montclair State akiwa ameshika rekodi za chuo hicho za kuangusha wapinzani, lakini drafti ya mwaka 1981, zoezi la timu za NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, kuteua vijana wa vyuoni, ilipita bila timu yoyote kutaja jina lake. Cleveland Browns walimwita kambini, wakamwacha. Akavuka mpaka hadi Kanada, na Toronto Argonauts nao wakamwacha. Kila alikobisha hodi alikuta kikwazo kilekile: kimo cha futi 5 na inchi 9.

Kwa msomaji asiyeufuatilia sana mpira wa Kimarekani, lainibeka ni mlinzi wa mstari wa pili. Husimama mita nne au tano nyuma ya mapande ya watu yanayosukumana mbele, na kazi yake ni kuziba chochote kinachopenya. Mkimbiaji akitoka na mpira, lainibeka ndiye wa kumwangusha. Kwotabeki akitaka kurusha, lainibeka arudi nyuma kulinda eneo au kumganda mpokeaji. Tena mara nyingi yeye ndiye anayepokea maelekezo ya kocha na kuwapanga wenzake kabla mpira haujaguswa. Katika ligi ya kulipwa wazuiaji wa kati wanaomvamia huwa na kilo 140 na ushee. Ndiyo maana kwa miaka mingi skauti alipomwona kijana wa futi 5 na inchi 9 alifunga daftari, akaenda kunywa kahawa.

Mills aliokolewa na ligi nyingine. Mwaka 1983 ilianza kuchezwa ligi ya USFL, akajiunga na Philadelphia Stars chini ya kocha Jim Mora, na timu hiyo ikatwaa ubingwa mwaka 1984 na 1985. Mora alipohamia New Orleans Saints mwaka 1986 akamchukua. Saints walikuwa wamecheza miaka 20 bila msimu hata mmoja wa kushinda mechi nyingi kuliko walizopoteza; mwaka 1987, Mills akiwa katikati ya ulinzi, walishinda 12 na kupoteza 3. Alichaguliwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara tano, na mara ya mwisho alikuwa na umri wa miaka 37, akiwa Carolina Panthers. Saratani ilimuua mwaka 2005. Mwaka 2022 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo huko Canton, Ohio.

Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi, nikikesha hadi saa nane na nusu usiku kwa saa zetu ili nione fainali inavyoanza. Na kila masika ya Marekani, drafti inapokaribia, narudi kwenye swali lilelile ambalo makocha wenyewe hawajalimaliza: mchezaji mdogo wa mwili aliyetamba chuoni, utajuaje kama atatamba miongoni mwa wanaolipwa?

Tuanze na jinsi anavyopimwa. Tangu mwaka 1987 vijana zaidi ya 300 huitwa Indianapolis kila mwaka mwishoni mwa majira ya baridi. Kijana huingia amevaa kaptura tu, kifua wazi, miguu mitupu. Anasimama kwenye kipimo, kisha mpimaji anataja namba ya tarakimu nne kwa sauti. Akisema 5104, maana yake ni futi 5, inchi 10 na sehemu nne za nane za inchi. Uzito unafuata, halafu urefu wa mkono, halafu upana wa kiganja kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Maskauti wa timu 32 wamekaa wanaandika. Baadaye kijana atatimua mbio za yadi 40, yaani karibu mita 37, ataruka juu, ataruka mbele, atapinda kwenye koni. Ikifika jioni ameshakuwa safu moja ya tarakimu kwenye jedwali, na safu hiyo itamfuata mpaka siku ya drafti mwezi Aprili.

Sina ugomvi na vipimo. Ugomvi wangu ni kwamba jambo rahisi kupimwa hupewa uzito mkubwa kuliko jambo lililo gumu kupimwa. Futikamba haina shaka, watu wawili wakipima watapata jibu moja. Lakini waulize watu wawili lainibeka huyu ametumia muda gani kutambua kwamba mkimbiaji anaelekea kulia na siyo kushoto, watabishana mpaka asubuhi. Meneja anayeogopa kufukuzwa kazi atalikimbilia jibu lisilo na ubishi. Akimteua pande la mtu na likashindwa, atasema kijana alikuwa na kila kitu. Akimteua mfupi na akashindwa, atachekwa kwamba alikuwa hana macho.

Chukua drafti ya mwaka 1996. Lainibeka wa kwanza kuitwa alikuwa Kevin Hardy wa Illinois, mwenye futi 6 na inchi 4, aliyechukuliwa nafasi ya 2 na Jacksonville, na kwa haki alikuwa mchezaji mzuri. Ray Lewis, ambaye naye walisema mwili haujatimia, alisubiri hadi nafasi ya 26 alipochukuliwa na Baltimore. Zach Thomas wa Texas Tech alisubiri hadi raundi ya 5, nafasi ya 154. Alikuwa na futi 5 na inchi 11 za kuhesabu kwa hisani, shingo fupi na mabega ya miraba minne. Kule chuoni alikuwa kwenye kikosi bora cha taifa. Miami Dolphins walikuwa wamepata kocha mpya, Jimmy Johnson, mtu ambaye tangu enzi zake za chuoni alijulikana kwa kupendelea kasi kuliko ukubwa. Kambi ya mazoezi haijaisha, Johnson akamwacha mkongwe Jack Del Rio na kumkabidhi nafasi yake huyo kijana wa raundi ya 5. Thomas akacheza misimu 12 Miami, akaitwa Pro Bowl mara saba, na mwaka 2023 akaingia Canton.

Thomas aliwezaje? Wengi waliocheza naye wanarudia jambo moja: alikuwa mwanafunzi wa mikanda ya video. Aliangalia wapinzani mpaka akajua, kwa namna mzuiaji alivyoinama na namna kwotabeki alivyoweka miguu, mchezo gani unakuja. Mpira ukiondoka yeye alishaondoka. Lile jitu la kilo 140 lililotumwa kumzuia lilifika mahali alipokuwa amesimama, likakuta nyasi.

Hapo ndipo penye siri yote. Kati ya lainibeka na mzuiaji kuna mita nne. Mzuiaji akikufikia mkiwa mmesimama, uzito unaamua, na mfupi atabebwa. Lakini kama lainibeka amepiga hatua ya kwanza sahihi, hata kwa theluthi moja ya sekunde kabla ya mwingine, mkutano ule hautokei, au unatokea pembeni, bega kwa bega, ambako mtu mfupi mwenye kiuno cha chini ana faida: anaingia chini ya kwapa la mzuiaji na kutokea upande wa pili. Mrefu hupatwa kifuani kirahisi. Kwa hiyo akili ya kutambua mapema si pambo juu ya mwili; kwa lainibeka mdogo ndiyo mwili wenyewe.

Lakini haki isemwe pande zote. Majina ya Mills na Thomas hutajwa kila mwaka na kila wakala mwenye mteja mfupi. Hutajwa pia London Fletcher, wa futi 5 na inchi 10, aliyetoka chuo kidogo cha John Carroll bila kuteuliwa mwaka 1998, akatwaa ubingwa na St. Louis Rams na kucheza misimu 16 bila kukosa mechi hata moja, mechi 256 mfululizo. Hutajwa Dat Nguyen wa Texas A&M, mtoto wa wakimbizi wa Vietnam, aliyekuwa nguzo ya Dallas Cowboys baada ya kuchukuliwa raundi ya 3 mwaka 1999. Wasiotajwa ni wale wafupi waliofika kambini Julai, wakabebwa na wazuiaji kama magunia, na Agosti wakarudi nyumbani. Hao ni wengi mno kuliko mashujaa. Anayehukumu kwa kuhesabu waliofaulu tu atampotosha mwajiri wake, na atamdanganya kijana.

Kwa maoni yangu kosa kubwa liko kwenye kuliita kila umbo dogo kwa jina moja. Kuna mfupi, kuna mwepesi, na kuna mwenye mikono mifupi, na hawa ni watu watatu tofauti wenye matatizo matatu tofauti.

Mfupi mwenye kilo zake ndiye ninayemsamehe kwanza. Mills alikuwa na kilo 104 juu ya futi 5 na inchi 9. Nick Bolton wa Missouri alipopimwa hakufika futi 6, lakini alikuwa na zaidi ya kilo 105. Kansas City Chiefs walimchukua raundi ya 2 mwaka 2021, nafasi ya 58. Katika fainali ya Februari 2023 mpira ulimponyoka Jalen Hurts wa Philadelphia, Bolton akauokota na kukimbia nao yadi 36 hadi mwisho wa uwanja. Chiefs walishinda 38 kwa 35. Udhaifu wa mfupi uko kwingine, na skauti mwaminifu lazima auandike: hewani. Atakapotakiwa kumlinda mtu kama Travis Kelce, mwenye futi 6 na inchi 5, anaweza kuwa mahali sahihi kwa wakati sahihi na mpira ukapita juu ya vidole vyake.

Mwepesi ni suala la mazingira. Zamani, timu zilipokuwa zikikimbiza mpira katikati mara kwa mara, lainibeka mwepesi alitiliwa shaka. Lakini tangu sheria zilipolegezwa mwaka 1978 kuwapa warushaji nafasi, mchezo umezidi kuhamia angani, na leo timu hucheza zaidi ya nusu ya mechi zikiwa na malainibeka wawili tu, wa tatu ametolewa ili aingie mlinzi wa nyuma. Katika uwanja uliotanuka hivyo kasi imepanda bei. Telvin Smith wa Florida State alipimwa kilo 99 mwaka 2014, akashuka hadi raundi ya 5, na mwaka 2017 akachaguliwa Pro Bowl akiwa Jacksonville. Deion Jones wa LSU alikuwa na kilo 101 tu pale Atlanta Falcons walipomchukua raundi ya 2 mwaka 2016, na msimu huohuo akacheza fainali. Walimtaka kwa sababu alikimbia kama mlinzi wa nyuma.

Mwepesi anahitaji ngao. Tampa Bay walimchukua Derrick Brooks mwaka 1995, nafasi ya 28, na mwaka uliofuata makocha Tony Dungy na Monte Kiffin wakajenga mfumo uliomwachia akimbie huku Warren Sapp akiwasumbua wazuiaji mbele yake. Brooks akawa mlinzi bora wa ligi mwaka 2002. Mchukue mchezaji wa aina hiyo umweke nyuma ya mstari legelege unaoruhusu wazuiaji kupita, na baada ya wiki sita utaanza kusema skauti alikosea. Kwa hiyo swali la kama kijana anafaa halina jibu mpaka useme anafaa wapi, nyuma ya nani, akitumwa nini.

Mwenye mikono mifupi ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, hata akiwa mrefu. Mkono ndio unaomweka mzuiaji mbali na kifua chako. Elvis Dumervil hakufika futi 6, akachukuliwa raundi ya 4 mwaka 2006, lakini mikono yake ilikuwa mirefu kupita kimo chake, na mwaka 2009 aliongoza ligi nzima kwa kuwaangusha makwotabeki mara 17. Aliyeangalia kimo peke yake alisoma kipimo kisicho chake.

Baada ya hapo skauti azime jedwali, awashe video. Na hapa kuna mtego ambao umewanasa wengi. Lainibeka mdogo mwenye kasi, akiwa chuoni, hujifunza kuwakwepa wazuiaji kwa kuzunguka nyuma yao. Kwa kuwa wapinzani wengi chuoni ni wazito na wazembe wa miguu, anazunguka na bado anamkuta mkimbiaji. Takwimu zinajaa, magazeti yanasifu. Lakini kila alipozunguka aliacha uwazi aliopaswa kuuziba. Katika ligi ya kulipwa mkimbiaji anauona uwazi ule mara moja na kupita humo, na yule aliyezunguka atabaki akimfukuza mgongoni. Kwa hiyo usihesabu alimwangusha nani. Rudisha video nyuma, uone alifika vipi. Je, aliingia mbele ya mzuiaji au alizunguka nyuma? Aliposhikwa, alijinasua kwa hatua ngapi? Mpira ulipokuwa wa kuzuga, alidanganyika mara moja au kila mara? Alimwangusha mtu akiwa anasonga mbele, au alimdaka miguu baada ya yadi saba?

Halafu tazama alicheza na nani. Ndiyo maana wiki ya Senior Bowl kule Mobile, Alabama, ni ya thamani: kijana wa chuo kidogo hukutanishwa mazoezini na wazuiaji wa vyuo vikubwa, siku baada ya siku, mbele ya macho ya makocha. Siku tatu za mazoezi hayo zinanieleza mengi kuliko mbio za yadi 40 zilizokimbiwa bila mpinzani.

Kwa upande wa pili wa mizani, Wakenya wanaye mtu wao. Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga, pande la futi 6 na inchi 5 lenye zaidi ya kilo 115, ambaye Indianapolis Colts walimsajili mwaka 2013 bila ya kuwa amewahi kucheza mpira huu. Wakamfanya lainibeka wa pembeni. Desemba mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Mwili alikuwa nao wote ambao futikamba inautamani, na bidii hakuna aliyemnyima. Lakini alipata mechi chache tu, na mwaka 2015 safari ikaisha. Alichokosa ni ile miaka kumi ambayo mvulana wa Texas huitumia kutazama miguu ya wazuiaji mpaka macho yajibu kabla ya akili. Hata Mmarekani aliyelelewa ndani ya mchezo halindwi na mwili: Aaron Curry wa Wake Forest alichukuliwa na Seattle nafasi ya 4 mwaka 2009, akiwa na futi 6 na inchi 2 na kilo 115, wengi wakimwita chaguo lisilo na hatari katika drafti yote. Mwaka 2011 Seattle walishamwachia aende Oakland.

Kuna jambo moja ambalo mashabiki wa watu wafupi, nami nikiwemo, tunapaswa kulitazama usoni. Mchezo huu unaumiza. Chris Borland wa Wisconsin, wa futi 5 na inchi 11 na mikono mifupi, alichukuliwa na San Francisco nafasi ya 77 mwaka 2014, akacheza msimu wa kwanza wa kupigiwa mfano, na Machi 2015, akiwa na miaka 24, akastaafu kwa kuhofia athari za vipigo vya kichwa. Oktoba 2024 Jeremiah Owusu-Koramoah wa Cleveland, aliyeingia ligi na kilo 100, aliumia shingo alipokwenda kumkabili Derrick Henry, mkimbiaji wa kilo 112. Warefu na wazito nao huumia shingo na vichwa, sidai kwamba kilo chache ndizo zilizoamua. Lakini timu inayomchukua mchezaji mwepesi inajua itamrusha dhidi ya watu wazito kuliko yeye mamia ya mara kwa msimu. Ikishajua hivyo, ina wajibu wa kumpanga kwa namna ya kumpunguzia migongano isiyo ya lazima. Kumpata kwa bei ya chini kisha kumtumia kama mtu wa bei ya chini ni dhuluma.

Turudi kwenye bei, maana drafti ni suala la bei. Msimamo wangu ni kwamba udogo wa mwili uchukuliwe kama punguzo. Usiwe mlango wa kufungiwa. Lainibeka ambaye kwa mchezo wake anastahili raundi ya 1, kama ana upungufu wa inchi mbili, mchukue raundi ya 2 au ya 3 ukiwa umetulia. Ukishindwa kumchukua hata raundi ya 7, hapo umeacha kupima, umeanza kubagua.

Ivan Pace ni ushahidi wa karibuni. Akiwa Chuo cha Miami cha Ohio aliwahi kumwangusha kwotabeki mara 6 katika mechi moja. Akahamia Cincinnati, na mwaka 2022 akawekwa kwenye kikosi bora cha taifa. Kule Indianapolis wakampima: hakufika futi 5 na inchi 11, kilo 105. Drafti ya mwaka 2023 iliita wachezaji 259 na yeye hakuwemo. Minnesota Vikings walimsajili baada ya drafti kufungwa, na kocha wa ulinzi Brian Flores akamwanzisha kikosini msimu wake wa kwanza. Desemba mwaka huo, dhidi ya Las Vegas Raiders, Vikings wakiongoza 3 kwa 0 dakika za mwisho, Pace aliunasa mpira wa kwotabeki wa Raiders na mechi ikaishia hapo.

Timu 32 zilikuwa na video zake zote. Aprili ijayo zitakuwa na za kijana mwingine kama yeye, na nawaomba waajiriwa wa timu hizo waitazame miguu yake kabla ya kuuliza kimo chake.